Babu Muhanna na Njia za Kokoto za Bourgogne

Kwa taadhima isiyo na kifani, ukoo wote wa marehemu Muhanna bin Musallam, wa Ghubra, Maskati, unawatangazia jamaa na marafiki wa Omani, wa Unguja na wa kila pembe ya dunia, kwamba leo umetimia mwaka mzima tangu kututoka bingwa wa ramani, simba wa milima, fahari ya magurudumu mawili.

Ungesoma hapo, Babu, ungevua miwani na kuuliza: "Nani tena huyo kafa?"

Basi tuanze upya. Ni mwaka mmoja, Babu, tangu mchana ule wa Machi 2006 ulipojinyoosha kupumzika baada ya adhuhuri, usiinuke tena. Kazi ya kuandika haya kapewa mjukuu wako Ghassan, kwa kuwa ndiye aliyepelekwa shule ya bweni Uingereza, na babake anasema elimu ile lazima ionekane mahali.

Ulichora ramani za barabara kwa miaka ishirini na miwili. Barabara nyingi tunazopita leo zilikuwa mstari wa penseli yako kabla hazijawa lami. Lakini mwenyewe lami hukuipenda. "Lami ya watu wenye haraka," ulisema. "Kokoto ndiyo inayokuuliza unakwenda wapi."

Zamani ofisi ilikupeleka Ufaransa miezi minane kusomea ramani. Ulirudi na cheti kimoja na mapenzi ya vijia vya mashamba ambayo hayakukutoka. Ulipostaafu mwaka 1994, kila Julai, joto la Maskati linapoanza kuwakaanga watu, uliitia baiskeli yako kwenye boksi na kwenda zako kule kule Ufaransa, jimbo la Bourgogne. Ulizijua njia zake kuliko waliozaliwa huko: ile ya kando ya mfereji, walipopita zamani farasi wa kuvuta mashua, ile ya reli iliyong'olewa vyuma, na zile nyeupe, nyembamba, zinazopanda katikati ya mizabibu. Ulibeba tende, halua na chupa ya kahawa. Ng'ombe weupe wa malishoni uliwatolea salamu, kundi baada ya kundi.

"Ng'ombe wa Kifaransa hao," Bibi Masouda alikuwa akikutania. "Watakuitikia nini?"

"Hawajaninunia hata siku moja," ulimjibu, "si kama wengine."

Kila safari uliiandika kwenye kadi ukaifunga juu ya usukani: kila kona na kilomita yake, kwa herufi ndogo za mchora ramani. Pembeni ya kadi palikuwa na saa ya kilomita, inayohesabu mizunguko ya gurudumu la mbele na kuizidisha kwa kipimo cha gurudumu ulichoiwekea. Saa ile uliiamini kuliko watu. "Macho hudanganya," ulitufundisha. "Gurudumu halidanganyi."

Ghassan ulimnunulia baiskeli yake mwenyewe alipotimiza miaka kumi na miwili. Ijumaa za likizo, baada ya alfajiri, mlitoka Ghubra mpaka Azaiba kwa njia ya mchanga, mkarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ulimfundisha kupima upepo wa tairi kwa kidole gumba. Ulimvumilia pia, na hilo si dogo, kwani huyu ndiye aliyezisogeza mbele saa zote za nyumba ili chakula cha mchana kiletwe mapema. Wewe peke yako ndiye uliyecheka. Ukala, tena ukaongezwa.

Julai 2004 mlikwenda Bourgogne watatu: wewe, Ghassan, na mwanao Majid, babake Ghassan, aliyebaki kijijini na gari kuwangoja. Na siku ile, Babu, ndiyo uliyopotea.

Kadi ilisema: kilomita 12, msalaba wa jiwe, kijia cha kushoto. Msalaba ukatokea. Saa ikasema kilomita kumi. Ulisimama, ukautazama msalaba, ukaitazama saa, ukautazama tena msalaba.

"Huu siwo," ulisema. "Wetu uko mbele."

Nyuma yako Ghassan alikuwa kainama, akifunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mkapita. Mkaingia bonde ambalo halikuwamo kwenye kadi, mvua ikawakuta, mkasali alasiri ndani ya banda la majani makavu. Mkulima mmoja akawarudisha kwa trekta, baiskeli zikiwa zimelala juu ya magunia. Majid alikuwa kasimama barabarani tangu saa nane mchana, na sasa ilikuwa saa kumi na mbili. Macho yalimwiva.

"Baba, umepotea? Wewe?"

Ulimtazama, ukaitazama kadi yako iliyolowa. "Nimepotea, mwanangu. Uzee."

Neno hilo lilifika Maskati kabla ya mizigo. Kila jamaa alisikia kwamba Muhanna kaanza kusahau. Shangazi Shaikha akawa anakupigia simu asubuhi kukwambia leo siku gani. Wiki ile ile Bibi Masouda akakukuta uani na gurudumu la mbele mkononi, umelichora alama ya chaki, unalisukuma taratibu kando ya ukuta.

"Muhanna, wafanya nini?"

"Nnalipima."

"Kwani limekua?"

Ukaendelea kulisukuma. Bibi aliingia jikoni akalia. Kesho yake Majid akaifungia baiskeli yako stoo, akautia ufunguo mfukoni.

Julai iliyofuata hukwenda. Kadi uliiandika vilevile, kilomita 58 za kokoto tupu, ukaiweka mezani mbele yako, ukawa unaipitia kwa kioo cha kukuzia, kona moja baada ya nyingine, mpaka jua likashuka.

Alhamisi iliyopita Ghassan alitukusanya sebuleni kutusomea tangazo lake. Alikuwa kaliandika vizuri, watu wakafuta machozi. Alipofika pale paliposema "na hata uzee ulipomfichia njia, hakuacha kutabasamu," Conjesta akaliweka chini sinia la kahawa. Conjesta wa Bukoba yuko nasi mwaka wa tisa huu, na si mtu wa kuingilia mazungumzo.

"Samahanini," alisema. "Babu hakupotea. Mimi nilimshikia futi."

"Futi ya nini?" Bibi akauliza.

"Ile yako ya cherahani. Alikuwa anapima gurudumu. Nikamuuliza, Babu, lina kosa gani? Akasema, gurudumu halina kosa, Conjesta. Akaandika kwenye kidaftari, akaniambia nikifiche kwenye ramani zake."

Bibi alinyanyuka mwenyewe akakitafuta. Miwani hakuwa nayo, akampa mjukuu. "Soma, mwanangu. Wewe ndiye msomi."

Ghassan akasoma kwa sauti: "Gurudumu, sentimita 210. Saa imewekewa, sentimita 175. Tofauti, sentimita 35 na..." Hapo akaishia. Majid akakichukua kidaftari, akamalizia: "...na mjukuu mmoja."

Hakuna aliyenywa kahawa. Mwishowe Bibi Masouda alisema: "Hilo tangazo utaliandika upya. Na ukifika mwisho usiniletee habari za 'mjukuu wako Ghassan'. Useme mimi."

Basi ni mimi, Babu. Asubuhi ile, ulipokuwa ukijaza chupa maji, niliibonyeza saa yako mpaka ikaamini kwamba gurudumu ni dogo. Kila kilomita kumi na mbili ikawa inahesabu kumi. Nilidhani utagundua penye msalaba, utanigeukia, utacheka kama siku ile ya chakula. Uliamini saa. Nikasema nitakwambia jioni. Jioni nikayaona macho ya Baba, nikaona si wakati wake. Kesho yake haikuwa wakati wake. Miezi ishirini ilipita hivyo, nikikuona umekaa na kadi yako, na nilikuwa najua ufunguo uko mfuko gani na neno gani lingeutoa.

Kumbe ulijua. Chini ya hesabu zako umeandika: "Majid asiambiwe. Atamnyang'anya baiskeli mtoto, na tukikaa nyumbani sote wawili, nani atakwenda?"

Baba hakunigombeza. Alikwenda stoo, akaitoa baiskeli yako, akakaa nayo uani akiifuta vumbi. Saa nimeirudisha 210. Nimeipima mara tatu. Julai tutakwenda na kadi yako ya mwisho, na Baba kasema safari hii hakai kwenye gari.

Jamaa wote mliosikia kwamba Muhanna bin Musallam alianza kusahau, tafadhali waambieni na mliowaambia: hakusahau kitu. Alichezewa saa, akajua, akanyamaza.

Unakumbukwa na mkeo Masouda, wanao Majid na Shaikha, Conjesta aliyekushikia futi, wajukuu Ghadeer na Jaifar, na mimi, Ghassan. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Tutakukumbuka siku zote, Babu, wewe uliyekuwa ukiijua njia.