Picha Zilizofichwa za Harusi ya Chantal

Jumatatu, 4 Agosti

Nimebadilisha tena kitufe cha "Weka picha". Maman alikuwa na miwani na bado alikipita kwa kidole kama anafuta vumbi. Sasa ni kikubwa. Hakuna kujiandikisha, hakuna neno la siri. Mgeni anaelekeza simu kwenye kadi iliyo mezani, albamu inafunguka, anatia picha zake, anaona za wenzake. Maman akiweza, kila mtu ataweza.

Harusi ya mdogo wangu Chantal, juzi kule Mibirizi, ndiyo ilikuwa jaribio letu la kwanza la kweli. Fidèle alisimama mlangoni mwa ukumbi akiwaelekeza watu. Yeye anaandika programu, mimi nachora kurasa na kutazama watu wanakwama wapi. Picha zimejaa. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 5 Agosti

Picha zinapungua.

Kulikuwa na moja nzuri: Fidèle ameinamia simu ya shangazi, wote wanacheka. Nilitaka kuiweka ukurasa wa mbele. Leo haipo. Nikafungua ukurasa wa ndani, ule tunaouona mimi na yeye tu. Imefichwa. Na si hiyo peke yake. Kila iliyofichwa, Fidèle yumo.

Wanaoweza kuficha ni sisi wawili na mwenye sherehe. Nani hasa kaificha, programu haisemi. Hilo hatukulifikiria.

Nilimuuliza. "Labda ni hitilafu," akasema, macho kwenye kompyuta. Fidèle hasemi "labda" kuhusu kazi yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Fidèle anapokea simu nje. Leo aliisahau mezani ikaita. Chantal. Bibi harusi wa juzi, anamtafuta Fidèle kwa lipi? Nilipompigia mimi, alisema ana wageni, akakata.

Waliimba kwaya moja Bukavu, kabla familia zetu hazijarudi huku, upande huu wa mpaka. Maman alikuwa akiwatania. Nimekaa na wazo hili siku nzima. Linanuka. Namwonea huruma shemeji yangu, mtu mpole, bado anatembea na viatu vya harusi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimezirudisha. Zote. Makusudi. Nataka kuona mkono gani utakimbia kuzificha.

Nimeshinda nikilinda skrini. Nilijiona mjanja.

Jioni. Hakuna aliyezigusa. Ziko wazi kwa kila mwenye kiungo, na kiungo kiko kwenye kikundi cha familia, wa huku na wa Bukavu.

Jumamosi, 9 Agosti

Chantal aliingia asubuhi bila salamu.

"Yaya, dada yangu, njo weye ulirudisha zile photo?"

"Ndiyo. Na weye njo ulizificha? Juu ya Fidèle?"

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu. "Fidèle? Angalia nyuma yake!"

Tukaangalia. Nyuma ya Fidèle, kwenye meza ya kadi pale mlangoni, mwanamke mwenye kitenge cha njano. Katika kila picha. Nilikuwa nimezitazama wiki nzima bila kumwona. Nsimire, aliyeshona nguo za bibi harusi.

Chantal akanieleza. Nsimire alimkimbia bwana wake Bukavu baada ya kuvunjwa mkono. Anashonea chumbani hapa Kamembe, na huko kwao hakuna anayejua. Harusini alijitenga na mpiga picha, akakaa mlangoni. Hakujua kuwa siku hiyo kila simu ilikuwa mpiga picha. Alipoiona albamu alilia. Akamwomba Chantal, Chantal akamwomba Fidèle amfundishe kuficha, wakaahidiana kunyamaza.

"Mimi muliniacha juu ya nini?"

"Nsimire alisema batu babili banatosha kuyua siri." Kisha akaanza kulia. "Yaya, ule bwana yake ameshaona. Alivuka mupaka asubui. Iko anapita ku marché, anaonyesha batu simu."

Nilizificha papo hapo. Kazi bure, zilikwisha kuonekana.

Fidèle akaenda kumchukua Nsimire kwa pikipiki. Chantal na mume wake wakabeba cherehani. Mimi nikaenda sokoni, sijui kwa nini. Labda nilitaka kumzuia yule bwana.

Nikamkuta. Shati safi, sauti ya chini. Alikuwa amehifadhi picha ya skrini, akanionyesha. "Maman, samahani. Unamuyua huyu?" Ukurasa wangu. Kitufe changu kikubwa chini ya uso wa Nsimire.

"Simuyui," nikasema.

Akanishukuru. Akaenda kwa muuza nyanya.

Jumatatu, 11 Agosti

Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, amearifiwa, na polisi pia. Yule mtu alirudi ng'ambo bila kumpata. Anaweza kuja tena. Nsimire yuko mahali salama. Hata hapa siandiki ni wapi.

Nimemwambia Fidèle nilichokuwa nikimfikiria. Alicheka, kisha hakucheka. "Na Chantal umemuwazia hivyo?" Naona aibu mwilini, kama homa.

Jumatano, 13 Agosti

Tumegombana siku mbili. Nataka kila picha iwe na kitufe "Nitoe". Mgeni yeyote akibonyeza, picha inaondoka hapo hapo. Haulizwi jina wala sababu. Na mwenye sherehe aikubali kila simu kabla albamu haijafunguka.

"Batu batacheza nayo," Fidèle anasema. "Mulevi mumoja atafuta harusi nzima."

"Afute."

"Na Maman atakwama tena mulangoni."

Atakwama. Nitakaa naye.

Leo jioni alianza kuiandika. Hakusema kwamba niko sahihi. Nilisikia tu anapiga vitufe.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya misa Chantal alinipigia: jitayarishe, twende. Njiani nilimwambia samahani. Akasema amesikia.

Nsimire alitufungulia mwenyewe. Chumba kidogo, cherehani dirishani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu kwamba ni mimi niliyezirudisha.

"Niliambiwa," akasema.

Kisha akachukua utepe wa kupimia, akanisimamisha karibu na mwanga, akanipima mabega. Akasema gauni nililovaa linanibana, mshonaji wangu hajui kazi.

Tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, na ugali. Mvua ndogo ikapita. Simu zetu tulikuwa tumeziacha nyumbani.