Pua ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 12 Juni 1978

Gari letu la udongo, la kuchagulia sura ya gari jipya, lina nyuso mbili! Ndivyo tunavyofanya hapa Detroit: gari moja, ukubwa kamili, kushoto sura moja, kulia sura nyingine. Unasimamisha kioo katikati, kila nusu inaonekana gari zima. Kushoto ni kwangu. Kulia ni kwa Ferris, mume wa dada yangu. Langu lina pua iliyosimama, kama bondia anakusubiri mlangoni. Lake — kipande cha sabuni kilichoogewa wiki nzima.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akanijibu, "Shemeji, sabuni inakunywa mafuta kidogo. Hiyo pua yako inalima hewa."

Wivu tu. Shule niliacha, lakini mikono hii, nani anayo?

Jumatano, 14 Juni

Vigari vya mfano vimerudi kutoka chumba cha upepo, wanakopima gari linavyokata hewa. Injinia wetu, Bi Vance, kasoma majibu mbele ya watu wote: la Ferris linalishinda langu kwa maili moja kila galoni. Yaani kelele yote hii ni ya maili moja! Nikamuuliza kama na mume alimchagua kwa kula kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Na bado tuko pamoja."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nilicheka na mimi, ningefanyaje.

Alhamisi, 15 Juni

NIMESHINDA!

Wakubwa walikuja baada ya chakula. Mbele ya kioo cha Ferris walikohoa. Mbele ya changu, yule mzee wa sigara aliitoa mdomoni! Bosi Prentiss akanifinya bega mpaka likauma.

Halafu mmoja akauliza habari za sheria ya mafuta. Serikali haipimi gari moja moja, inapiga wastani wa yote tunayouza. Hili dogo likila zaidi, basi makubwa lazima yapungue. Yule mzee hakufikiri hata kidogo. Akasema basi, wafunge laini moja ya kuundia yale makubwa, na hili liende na sura yake. Kesho saa tatu asubuhi wanarudi kutia sahihi.

Laini ya makubwa. Baba anayafungia magari milango kwenye laini hiyo hiyo.

Nikamfuata Bosi pembeni, nikamwambia pengine upande wa Ferris si mbaya sana. Akanishika paji la uso. "Unaumwa? Kijana, umeshinda!"

Jioni Baba alishajua, Ferris ana mdomo. Lakini Ferris alimwambia nusu tu, ile nusu tamu. Baba kawaita majirani, kafungua bia. "Dume langu linachonga uso wa gari! Mimi miaka yote nafunga milango tu, yeye uso mzima!" Mama akanijazia kabichi za kukunjia nyama mpaka sahani ikafurika.

Nikamvuta Ferris jikoni. Kwa nini hujamwambia?

"Mwambie wewe, ni baba yako." Halafu akasema polepole: pua ikishushwa mpaka usawa wa bampa, ile maili inapatikana, na laini ya Baba haifungwi. Bi Vance alishapima. "Lakini halitakuwa gari lako tena, shemeji. Litakuwa langu."

Nikamwambia akaoge na gari lake.

Ijumaa, 16 Juni

Nimewahi kuliko wote. Nimechukua chuma cha kukwangulia. Nimeishusha ile pua.

Mpaka usawa wa bampa, wala sikuzidisha. Kisha nikasimamisha kioo nione. Sabuni. Nzuri kidogo kuliko ya Ferris, nisijidanganye — lakini sabuni.

Ferris kaingia, kaona maganda ya udongo sakafuni, kavua kofia. Hakutania. Afadhali angetania!

"Baba yako anajua?" akauliza.

Hajui. Na asijue. Asubuhi kanipigia pasi shati yeye mwenyewe, eti nipendeze mbele ya wakubwa.

Naandika nimekaa juu ya ndoo. Udongo niliokwangua nimeuweka kwenye tanuri; una nta, kwa joto umelainika. Ukibandikwa sasa hivi unashika. Ferris anasema kama nataka kuirudisha pua, atanisaidia, tutawahi. Kanyoosha mkono, anasubiri nimpe chuma. Sijampa.

Lifti imefunguka. Bosi anacheka huko nje na yule mzee wa sigara. Namsikia Bosi anasema, "Subirini muione hiyo pua kwa jua la asubuhi."