Siku Tulipoezua Paa

Asalaam aleikum, da Raya. Goti lako limekaaje na mvua hizi? Mimi mwili mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Lakini usingizi umenipotea wiki ya tatu sasa, na sababu yake nakwambia weye peke yako.

Unajua kazi yangu huku ughaibuni ni usafi kwenye jumba la makumbusho. Mwezi uliopita wametundika maonyesho ya picha za mafukara, za kale na za leo. Kuna ombaomba waliochorwa kwa rangi mamia ya miaka nyuma, wamenyoosha mabakuli. Kuna watoto peku, kuna wazee wamelala vibarazani wamejifunika magazeti. Wageni wanapita wakinong'ona kama wako msibani. Mimi nilikuwa napangusa vioo tu, siangalii sana, mpaka nilipofika ukuta wa mwisho nikamwona mama.

Wallahi ni mama. Amekaa mkekani, nyuma yake kuta za udongo hazina paa, na vyombo vyetu vyote viko uani: kitanda cha kamba, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi. Mkono ameuweka usoni, jicho moja linachungulia kati ya vidole. Chini wameandika: "Mwanamke asiye na makao, akilia. Pemba."

Akilia nini? Siku ile tuliezua makuti yaliyooza tuezeke mapya, majirani walikuja kutusaidia, na mama aliwapikia wali na papa. Weye ulikuwa unakuna nazi, mimi nakutania kuwa utaitafuna yote kabla haijatoa tui. Akapita mgeni mmoja njiani, akainua kamera, mama akajiziba. "Usinipige weye, sitaki." Magharibi haijaingia, tulikuwa chini ya paa jipya.

Sasa sikia aibu yangu. Mwenzangu wa kazi alinikuta nimesimama pale, akaniuliza, "Si kwenu huko? Unamjua?" Nikasema simjui. Nimemkana mama, da Raya, kwa kuyaonea haya maandishi yale. Tangu hapo, kila asubuhi nikipangusa kile kioo, lile jicho linanifuata mpaka mlangoni. Nikirudi chumbani, lipo. Nimesoma Yasini, na bado lipo.

Jana nimeshindwa kuvumilia. Nimemwendea msimamizi wetu, nikamwambia huyu ni marehemu mamangu, nyumba alikuwa nayo, na kupigwa picha hakutaka. Nikamwomba aishushe. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema lazima wahakikishe kwanza, niwaletee picha nyingine ya mama walinganishe.

Nimemjibu hatuna. Hata harusi yako, mpiga picha alipoingia mama alijifungia jikoni. Ni hii moja tu duniani, na ndiyo niliyoomba iondolewe.

Nisalimie shemeji na wanao. Msalimie na Bi Mkasi, jirani aliyetusukia makuti yale. Mwombe aeleze alichokiona siku ile, umrekodi kwenye simu unitumie.

Na weye niambie kweli, dada: uso wa mama bado unaukumbuka? Mimi nilikuwa nimeshaanza kuusahau.

Mdogo wako,
Zuwena