Ubao Usiokauka

Kajiado, 11 Januari 1999

Mdogo wangu Maryanne,

Salamu kutoka kwenye vumbi. Sisi ni wazima, ila macho yananiuma, na si kwa vumbi. Ni hiyo picha uliyonitumia: Baba amesimama mbele ya nyumba yako ya nailoni ya kukuzia mboga, nyanya zimejaa hadi juu, mbao nyeupe pe isipokuwa mlango, na wewe umemshika mkono kama bibi harusi. Hongera. Tangu Mama afariki na Baba aje huku kutoka Webuye, amekaa kwako mwaka mzima na nyundo na brashi zake. Kwangu alilala mara moja tu, akasema kuna kazi hajamaliza Kitengela. Na mimi ndiye kifungua mimba, Maryanne!

Sasa mimi pia niko na nyumba ya nailoni. Tumeijenga na mume wangu, na mbao zimeshaanza kuota ukungu kwa unyevu. Nitumie Baba.

Dada yako mkubwa,
Dolphine

Kitengela, 24 Januari 1999

Dada,

Hamjambo na watoto? Sisi hatujambo, kikohozi cha Baba kimepoa.

Baba si jembe la kuazimana. Fanya hivi mwenyewe: fungua nailoni pande zote mbili, mbao zipate hewa. Sugua ukungu kwa brashi na maji yenye jiki, ile dawa ya madoa ya nguo, halafu ungoje zikauke kabisa. Paka dawa ya mbao, hasa kwenye ncha zilizokatwa, maana hapo ndipo maji huingilia. Kisha andakoti, ile rangi ya kutangulia, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Usipake oili chafu ya gari kama watu wanavyopaka nguzo za ua, kwenye joto lile itakuunguzia miche. Na ubao ukiwa na maji, rangi itavimba na kubanduka. Baba hubandika kipande cha nailoni juu ya ubao jioni. Asubuhi akikuta matone chini yake, hapaki. Mlango wangu mpaka leo haujakauka, kwa hivyo haendi popote.

Umeona? Humhitaji.

Mdogo wako,
Maryanne

Kajiado, 3 Machi 1999

Mdogo wangu,

Usifoke. Natumaini mlirudi salama kutoka kanisani ile Jumapili mkakuta kiti cha Baba kitupu. Nilipita kwako mkiwa ibadani, nikamwambia mbao zangu zinaoza. Sikuwa nimemaliza chai, mzee amesimama mlangoni na sanduku lake!

Ni mzima. Anakunywa uji wangu wa wimbi, anaimba tenzi humo ndani ya nailoni mpaka Nalangu, mama anayetuletea maziwa, anasimama kusikiliza. Kwako aliimba? Atarudi baada ya Pasaka.

Dada yako,
Dolphine

Kitengela, 30 Mei 1999

Dolphine,

Wazima? Vizuri. Mimi siko mzima.

Pasaka ilikwisha. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile: ubao haujakauka. Kajiado, Dolphine! Mahali shati linakauka ukiwa bado unalianika! Nani anamwagia mbao maji? Ni wewe. Nakujua tangu ulipokuwa ukijifanya una malaria ili Baba akubebe mgongoni. Kiti chake kiko hapa mlangoni na sijaruhusu mtu akikalie. Mrudishe.

Maryanne, mdogo wako bado

Kajiado, 10 Juni 1999

Maryanne,

Afya yangu ilikuwa nzuri mpaka nilipofika kwenye hiyo malaria. Sijamwagia ubao hata tone, ingawa ningelifikiria hilo ningelifanya. Nikaamua kumshika mwenye hatia ili uniombe msamaha.

Asubuhi nilijificha nyuma ya nyanya. Baba akaingia na kikombe cha maji. Akainua kile kipande cha nailoni, akachovya vidole, akaupapasa ubao, akakibandika tena vizuri. Nilizunguka nje nikajifanya natoka jikoni.

"Dolphine, mama, njoo uone," akaniita. "Bado kuna maji. Siwezi kuiacha kazi hivi."

"Basi ngoja, Baba. Hakuna haraka."

Ungeuona uso wake ulivyong'aa! Sasa umejua anampenda nani. Hataki kurudi kwako, na mimi simfukuzi.

Dada yako mkubwa,
Dolphine

Kitengela, 19 Juni 1999

Dada,

Habari zenu nimezipata, na kicheko chako pia. Nililia kwa wivu, sikufichi. Kisha nikautazama mlango wangu.

Mwaka mzima ule mlango ulikataa kukauka. Kila asubuhi matone. Nilimlaumu aliyeniuzia mbao. Februari hii nikachoka, nikaupaka mwenyewe, nikamwambia, "Baba, sasa kazi imekwisha, pumzika." Nilidhani namfurahisha. Jioni hiyo alikunja nguo zake zote akazipanga sandukuni. Ndiyo maana ulipokuja sanduku lilikuwa tayari.

Hakupendi wewe kuliko mimi, Dolphine, wala mimi kuliko wewe. Baba anafikiri kazi ikiisha atakuwa mgeni.

Usimwambie tumejua. Mpe rangi apake, lakini muachie ubao mmoja. Mmoja tu, si mbili, maana Desemba ni zamu yangu. Nimeukwangua mlango wangu kwa kisu mpaka kwenye mbao, na kila jioni naumwagia maji. Mwambie umeharibika vibaya, na hakuna fundi mwingine nitakayemruhusu auguse.

Mdogo wako,
Maryanne