Limi, Bakari Alikuchora na Mwavuli wa Mama

Mpendwa wifi Limi,

Nakuita wifi ingawa hakuna aliyekuozesha kwetu. Bakari mdogo wangu alikuwa akikuita mke wake mbele yangu, na kwa kuwa sina ndugu mwingine wa kiume, sitapata wifi mwingine. Namba yako ya simu haipatikani tena. Wapo wanaosema mlielekea Liwale na ng'ombe wenu, wengine wanasema Tunduru. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, isomwe na yeyote, pengine atakayeisoma ananunua maziwa kwako.

Unaikumbuka siku uliyoiona ile picha? Ulikuja asubuhi na dumu lako la maziwa, ukasimama mlangoni pa kibanda cha Bakari pale Mbekenyera, alipokuwa akiandika mabango ya maduka. Ukutani alikuwa amebandika ukurasa wa kalenda kuukuu aliopewa na mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Bakari akakueleza kwamba picha hiyo inajulikana dunia nzima, kwamba ni watu wa Ulaya wamepumzika kando ya mto siku ya Jumapili, na kwamba Mfaransa aliyeichora hakupaka rangi kama yeye anavyopaka mabango, bali aliweka nukta moja moja hadi nukta zikawa watu. Pichani mlikuwa na wanawake wenye sketi zilizobinuka nyuma, miavuli, mbwa mweusi, tumbili aliyefungwa kamba, na mwanamume aliyejilaza kwenye majani anavuta kiko.

Uliitazama kwa muda, kisha ukauliza, "Hawa wote wamekaa tu? Ng'ombe wao wanachungwa na nani?"

Bakari alicheka mpaka brashi ikamdondoka. "Hawana ng'ombe."

"Basi ni maskini," ukasema. "Ndiyo maana hawasemeshani."

Nilikuwa hapo nje napepeta ufuta, nikaacha kupepeta. Ni kweli. Watu wote wale wamekaa sehemu moja na hakuna anayemtazama mwenzake. Bakari alikuwa ameiangalia picha ile miaka, hakuwahi kuliona hilo. Ulipoondoka akaniambia, "Dada, nitachora ya kwetu. Ya kwetu watu wataongea."

Alichukua shuka jeupe la mama, akalivuta kwenye fremu ya mbao, akakusanya masalio ya rangi za mabango na njiti za kiberiti. Kila njiti nukta. Baba alipita, akainama, akasema, "Picha gani hii, imejaa vipele kama mtoto mwenye surua?" Lakini siku ya kwenda mtoni, sisi na watu wa kwenu, ili Bakari atuchore, baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa kanzu.

Mto Mbwemkuru wa kiangazi unaujua, mchanga mpana na maji yamejibana upande mmoja. Sisi tulifika kwa bodaboda na sufuria la wali na mbaazi, ninyi mlikuja kwa miguu nyuma ya ng'ombe. Bakari akaanza kutupanga. Wewe akakusimamisha na mwavuli wa mama, ule wa maua mekundu. Mahali pa tumbili aliweka ndama wenu, kamba ukaishika wewe, na ndama akakuburuta hadi kwenye maji na mwavuli ukiwa mkononi. Mama alicheka akasahau Kiswahili, akawa anakusemesha kwa Kimwera, nawe ukamjibu kwa Kisukuma, na mkaelewana, maana mlikaa chini mkaanza kula.

Baba na baba yako, Mzee Masanja, waliketi mbalimbali mwanzoni. Nafasi iliyokuwa kati yao ingetosha watu wengine kukaa. Kisha baba yako akauliza, "Ninyi mzee mwenzangu, mnautunza mkorosho mmoja mpaka mnazeeka nao?"

"Na ninyi," baba akamjibu, "mtatembea na mali yenu mpaka wapi?"

"Mpaka baharini. Tukifika tutageuka."

Wakacheka wote wawili. Tuliporudi tena mtoni, na tena, ile nafasi ilikuwa imekwisha. Wakawa wanagawana tumbaku, na Bakari anawapigia kelele, "Wazee, msiinamiane hivyo, mtaonekana mnagombana!"

Jioni moja tukitoka huko Bakari aliniambia kwamba mmekubaliana kuoana, na kwamba baada ya mavuno atamtuma mjomba kwenu. Baba alipopelekewa habari hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, akasema watu wa kule watataka mahari ya ng'ombe na sisi tuna korosho. Mama aliuliza swali moja: "Mbaazi anakula?" Nikamwambia mbona alikula mbele yako. "Basi," akasema.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui nilivyoyajua mimi. Ng'ombe walioingia kwenye ufuta wa wanakijiji hawakuwa wenu. Walikuwa wa kundi lililofika karibuni, na ufuta ulikuwa umebaki kidogo ukatwe. Mchana watu wakajaa sokoni, vijana wakaanza kusema twende kwa wafugaji, na wafugaji waliojulikana nyumba yao walikuwa ninyi. Bakari aliacha bango la duka nusu, akaomba pikipiki, akawatangulia. Waliokuwepo wananiambia alisimama mlangoni pa boma lenu amenyoosha mikono, anasema, "Hawa siyo. Hawa nawajua." Hakumaliza. Wa kwetu wanasema alipigwa fimbo ya mfugaji. Ninyi huenda mnasema lilikuwa jiwe la mkulima. Nimeuliza kila niliyeweza kumuuliza, na kila mmoja alikuwa akitazama upande mwingine.

Kitenge ulichomfunga kichwani nilimkuta nacho Ruangwa, alikokimbizwa kwanza, na kilifika naye mpaka hospitali ya Nachingwea. Asubuhi iliyofuata mjomba alipita kwenu akakuta boma tupu, majivu bado yana moto. Sikukulaumu. Ningekuwa wewe ningekimbia na mimi.

Tulimzika Mbekenyera. Picha baba alisema iondolewe machoni pake, mama akaikunja akaiweka sandukuni. Mwezi uliopita nilitaka kuitazama. Joto la sanduku limeigandisha rangi, nilipoifunua upande mmoja ulinyofoa mwingine. Uso wako umebanduka, wa Mzee Masanja pia. Nukta zilianguka sakafuni kama mchele, nikazifagia. Nilifikiri nitalia, sikulia. Nililikunja tena shuka lile, sijui ni kwa ajili gani.

Juzi walikuja wageni, wakamuuliza baba kama ni kweli zamani tulikuwa tunakaa mtoni na wafugaji. Baba akasema, "Sisi? Hatujawahi kukaa na watu hao." Mama alikuwa anamimina chai, mkono wake ukasimama, kisha akaendelea kumimina. Na mimi nikawasogezea wageni vikombe. Nitabishana vipi na mzee aliyemzika mwanawe wa pekee wa kiume? Baada ya miaka kadhaa watu watakuwa wanasema hivyo hivyo, na watakuwa wanaamini.

Limebaki moja, na nimelichelewesha kwa sababu naogopa kuliandika. Kule wodini Bakari alizinduka mara moja, alasiri. Alinijua. Akauliza, "Limi yuko wapi?" Nikamwambia nitamtafuta, nitamleta. Akaukamata mkono wangu kwa nguvu ambazo sikudhani anazo. "Usimlete, dada. Mwambie asije. Watamuua." Akaomba maji, akanywa kidogo, akalala, hakuamka. Nimeubeba ujumbe wako muda wote huu bila kujua pa kuufikisha. Kama umekaa huko ukijiuliza kwa nini hukuitwa, jibu ndilo hilo.

Nami sikuiti. Ningependa kukuona kuliko mtu yeyote aliye hai, lakini usirudi. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeomba msamaha, na sitegemei tena. Kila asubuhi nikienda sokoni napishana na vijana waliokwenda kwenu siku ile. Wamekua, wengine wameoa. Wananiinamia kwa adabu, "Shikamoo dada," na mimi naitikia, "Marahaba," bila kujua kama ninayemwitikia ndiye aliyerusha jiwe, kama lilikuwa jiwe.

Uwe salama huko uliko, wewe na ng'ombe wenu.

Wifi yako,
Somoe, dada yake Bakari