Taa Tuliyokuzimia, Baba

Baba,

Shikamoo. Kahawa ya upande wa barabarani imeiva na Mama anaichuma mwenyewe, hataki vibarua. Unaujua ubishi wake.

Shangazi bado hasalimiani naye. Tangu tukuzike hajakanyaga hapa Chonyonyo. Huko kwake Kaisho anawaambia watu kwamba wifi yake alikuzimia taa ili ufe upesi. Inaniuma sana, maana nilikuwepo.

Baada ya ile ajali ya pikipiki ulikuwa unafumbua macho lakini hututambui. Kule hospitali kubwa daktari akaagiza utolewe damu asubuhi na jioni. Shangazi akaja juu: "Mgonjwa hata kula hali, nanyi mnammalizia damu!" Manesi walicheka, nami nikacheka. Wewe ungecheka kuliko sote. Kumbe walikuwa wanapima homoni inayoamsha mwili. Ya asubuhi ilikuwa juu, ya jioni imeshuka. "Mwili wake bado unajua kumekucha," daktari alisema. "Kama yeye mwenyewe anajua, siwezi kuwadanganya." Akashauri mchana dirisha liwe wazi, usiku kuwe na giza na kimya, mwili usije ukachanganyikiwa.

Tulipokurudisha nyumbani Mama akafuata hivyo hivyo. Watu wa sala waliokuja kukesha na taa na nyimbo akawaomba waje mchana. Kwetu mgonjwa mahututi haachwi gizani, ndiyo maana Shangazi aliondoka analia. Asichojua ni kwamba Mama alikaa nawe humo gizani, kakushika mkono, mpaka kunapambazuka. Kila usiku. Hakumwambia mtu.

Sijui kama ulijua. Hilo linanisumbua, sikufichi. Kila asubuhi nilikuamkia nikasubiri "marahaba" yako, na haikuja.

Jumapili nilimpigia Shangazi simu nikamweleza yote. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo kaka yangu alikuwa analala usiku, kama watu?"

Nikamwambia ndiyo. Akalia sana, Baba. Nami nikalia.

Pumzika sasa. Kesho nampandisha Mama gari la Kaisho. Hajakubali bado, ila tutakwenda, hata akinuna njia nzima. Nakuahidi: wanawake wawili waliokupenda hivyo hawatazeeka bila kusalimiana, mimi nikiwa hai.

Binti yako,
Koku