Kijani Kibichi, Nyekundu Imeiva

Mpui, 12 Juni 2012

Kwa mjukuu wangu Evodia,

Marahaba. Najua ungeniamkia kwanza, basi nimeitikia mapema. Huku tu wazima. Baridi imeshika, goti langu la kushoto linalalamika, mimi silisikilizi. Wewe huko Mbeya hujambo? Unakula? Usinidanganye, sauti yako kwenye simu ni ya mtu aliyekunywa chai akalala. Anayeandika ni Coleta, jirani yetu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba. Sikukupigia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nianze na siku ile ulipoitwa Milepa kwenye msiba wa shangazi yako. Kompyuta uliiacha mezani, inaijaribu ile programu uliyowatengenezea wafugaji wa Msanzi, ya kuandika ng'ombe gani kachanjwa na yupi bado. Ulinionyesha majina ya mafaili yamepangwa pembeni, kila moja na kidoa cha njano. Ukasema njano maana yake faili bado linajaribiwa. Vidoa vyote vikishabadilika rangi, kazi imekwisha, na mchumba wako Zenon akija na pikipiki nimpe kompyuta aipeleke Msanzi. Hukusema vitageuka rangi gani. Gari lilikuwa linapiga honi, nami sikuuliza.

Nikakaa mbele ya mashine nikichambua maharage. Vidoa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, vyekundu. Nikafurahi. Shambani ulezi ukiwa kijani tunauacha, ukiwa mwekundu tunachukua visu. Kimoja tu kilitoka kijani. Nikasema hicho kitaivia njiani.

Zenon akaja. Akaniuliza mara mbili kama kweli wewe mwenyewe umeridhia. Nikamwambia kauli umeniachia mimi, achukue aende, asinichoshe. Akaifunga kompyuta, akaibeba mgongoni.

Ya Msanzi unayajua. Ng'ombe waliochanjwa wakaonekana hawajachanjwa, na mzee Masunga akasema mbele ya watu kwamba hata ndama wake ana kumbukumbu nzuri kuliko mashine hiyo. Wakacheka, wakasema kazi watampa mwingine. Uliporudi ulinieleza huku unalia: kijani ni faili zima, nyekundu lina kosa, na folda, ule mfuko wa mafaili unaolibeba, nao hutiwa doa lilelile, hata kama mengine ndani ni mazima. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Ukaniuliza kama ni kweli nilimruhusu Zenon, maana yeye alikwambia hivyo.

Nikasema nilikuwa shambani, sikumwona.

Andika hivyohivyo, Coleta, usinitazame.

Evodia, Zenon hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi. Nilikuwa nimejisifu kisimani kwamba mimi, ambaye darasani sikuingia hata siku moja, nasoma mashine ya mjukuu wangu. Tena niliogopa hutaniruhusu kukaa karibu nawe unapofanya kazi, na hapo ndipo moyo wangu hutulia. Kwa woga huo nikakuacha umwite mtoto wa watu mwongo, ukarudisha kishika uchumba. Siku ulipomrudishia alinikuta mlangoni, tayari anajua nilichokuambia. Akaniamkia shikamoo, akaondoka.

Juzi nilikwenda kwa wazazi wake nikasema yote. Jana nikapanda gari mpaka Msanzi, nikasimama mbele ya wafugaji. Mzee Masunga akanitania, eti kuna bibi wa Kifipa amevuna kompyuta mbichi. Lakini mkewe Kabula akasema uipeleke tena, waione ikiwa nzima. Sikufanya hayo ili unisamehe. Haki ya kukasirika unayo, ila mkasirikie mwenye kosa.

Nilimwomba Zenon akupigie. Amekataa. Kasema neno lake ukilitaka utamwuliza yeye mwenyewe, kwa sababu mara ya kwanza uliniuliza mimi ukaniamini mimi.

Coleta anakusalimu, na kaka yako Urbano, na kuku wako yule mweupe ambaye sijamchinja. Mungu akufunike huko uliko, na leo usilale bila kula ugali.

Ni mimi bibi yako,
Klementina

Dole gumba hapa chini ni langu. Coleta alitaka kunishika mkono, nikamwambia aniachie.